Mtoto wa Wiki 28: Maswali Yanayoulizwa Mlangoni pa Nasari

Amezaliwa wiki ya 28 ya mimba. Ataishi?

Anaweza kuishi, na wengi wa umri wake huishi wakipata huduma nzuri. Mambo mawili huamua zaidi: wiki alizokaa tumboni na mahali alipozaliwa. Huko Ufaransa, watafiti waliofuatilia watoto wa mwaka 2011 walikuta kwamba wa wiki ya 24 walioruhusiwa kwenda nyumbani wakiwa hai ni kama 31 kati ya 100. Wiki ya 25 walikuwa 59, wiki ya 26 walikuwa 75, na kuanzia wiki ya 27 hadi 31 karibu 94. Kila wiki moja tumboni ni mtaji mkubwa.

Lakini hiyo ni Ufaransa. Shirika la Afya Duniani linasema katika nchi maskini zaidi ya asilimia 90 ya watoto waliozaliwa kabla ya wiki 28 hufa siku chache za kwanza, ilhali katika nchi tajiri wanaokufa siku hizo ni wachache zaidi. Miili ya watoto hao ni ileile. Kinachotofautiana ni joto, hewa, maziwa na usafi, na sehemu kubwa ya hayo inawezekana hapa kwetu.

Uchungu umenianza mapema na niko mbali na mjini. Nifanyeje?

Ondoka sasa, usingoje maji yavunjike. Mtoto husafiri salama zaidi akiwa bado tumboni, kwa hiyo zahanati ya karibu ikikuona, iombe rufaa ya haraka hadi hospitali yenye nasari ya watoto wachanga. Hapa Kenya, wa Ahero au Muhoroni wataelekea hospitali ya Jaramogi kule Kisumu, ambayo wengi bado huiita Russia. Wa Njoro au Molo wataelekea hospitali kuu ya Nakuru.

Ukifika, uliza wazi: "Je, nahitaji sindano ya kukomaza mapafu ya mtoto?" Ni deksamethasoni, miligramu 6 kila baada ya saa 12, mara nne. Hupewa mama mwenye mimba ya wiki 24 hadi 34 ambaye hana dalili za maambukizi tumboni. Utafiti uliochapishwa 2020, Kenya ikiwemo, ulionyesha vifo vya watoto vikishuka kutoka 23.5 hadi 19.6 kwa kila 100. Hata dozi moja kabla ya kujifungua ni bora kuliko kukosa kabisa. Beba kijitabu cha kliniki na picha ya skani ya mapema, maana daktari asiyejua wiki zako atabaki kukisia.

Mbona anaacha kupumua ghafla?

Ubongo wake bado haujazoea kazi hiyo. Akikaa zaidi ya sekunde 20 bila pumzi, au akibadilika rangi, muuguzi humsugua mgongo au nyayo, na hupewa kafeini. Mapafu nayo hukosa utelezi unaozuia vifuko vya hewa kugandana. Ndiyo maana huwekewa mipira midogo puani, na hewa husukumwa kupitia chupa ya maji inayotoa mapovu. Mapovu yakikoma, mwite muuguzi mara moja: huenda mpira umetoka au maji yamepungua.

Oksijeni nyingi kupita kiasi huharibu mishipa ya macho. Kipimo cha oksijeni ya damu cha mtoto anayepewa oksijeni kisome asilimia 90 hadi 95, si 100.

Kangaroo, yaani kumweka mtoto kifuani ngozi kwa ngozi, si ya hospitali zisizo na inkubeta?

La. Hili ndilo tungependa kila familia ilijue. Utafiti wa 2021 katika nchi tano, Tanzania ikiwa mojawapo, ulihusu watoto wa kilo 1 hadi chini ya 1.8. Waliowekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, bila kungoja watulie kwanza, walikufa wachache kwa robo kuliko waliosubirishwa.

Mvishe nepi, kofia na soksi tu. Mweke wima katikati ya matiti, kifua chake kwenye ngozi yako, miguu imekunjwa na kutanuliwa kama ya chura. Kichwa kigeuzwe upande na kuinuliwa kidogo; shingo ikikunjwa, njia ya hewa huziba. Funga leso kwa nguvu, ukingo wa juu ufike chini ya sikio lake. Lengo ni saa 8 hadi 24 kwa siku. Baba, shangazi au nyanya wanaweza kupokezana nawe. Joto lake libaki 36.5 hadi 37.5. Usitumie chupa ya maji moto, humchoma ngozi.

Hawezi kunyonya. Ale nini?

Maziwa yako, kwa mpira unaopita puani hadi tumboni. Kunyonya, kumeza na kupumua kwa mpangilio huja karibu wiki ya 34 ukihesabu tangu mimba. Kamua tangu saa za kwanza, kila saa 2 hadi 3, usiku pia. Matone machache ya dang'a, maziwa yale ya kwanza, yanatosha kuanza. Maji ya sukari na dawa za tumbo za dukani, hapana. Maziwa ya mama hupunguza hatari ya utumbo kuoza. Tumbo likivimba au akitapika kijani, hiyo ni dharura.

Atakuwa na ulemavu?

Wengi hawapati. Katika watoto wale wa Ufaransa, mtindio wa ubongo ulionekana kwa kama 7 kati ya 100 wa wiki 24 hadi 26, na 4 kati ya 100 wa wiki 27 hadi 31. Wengine huchelewa kuongea, husikia vibaya au husumbuliwa na kifua. Macho yapimwe na mtaalamu karibu wiki ya nne baada ya kuzaliwa, hata kama ameshakwenda nyumbani. Tatizo likionekana mapema hutibika. Likichelewa, mtoto anaweza kupofuka.

Hadi afikishe miaka miwili, pima maendeleo yake kwa kutoa wiki alizowahi: aliyewahi miezi mitatu, akiwa na miezi tisa mlinganishe na wa miezi sita. Chanjo za kliniki kuanzia wiki ya sita hazipunguzwi hivyo. Hizo hufuata tarehe halisi aliyozaliwa.