Dawa za Kukoroma Zinazouzwa Bila Cheti cha Daktari: Zinasaidia Kiasi Gani?

Mama mmoja alifika kliniki yetu ya masikio, pua na koo akiwa amefuatana na mumewe, akamwaga juu ya meza yangu vilivyokuwemo ndani ya bahasha ya kaki: chupa mbili za dawa ya kunyunyizia puani, plasta za pua, dawa ya koo yenye mafuta ya mnanaa, na vidonge vya mafua vya aina ile inayoleta usingizi. "Daktari, vyote hivi tumevijaribu," alisema, "na bado watoto wanamsikia baba yao kutoka chumba cha pili." Kisha akatoa simu, akatusikilizisha alichorekodi usiku. Ulisikika mkoromo mzito, ukafuatiwa na kimya nilichokipima kwa saa ya ukutani kikapita sekunde 20, ndipo mume akavuta pumzi kwa kishindo kama mtu aliyeibuka kutoka majini. Kimya kile kilinishtua kuliko mkoromo wenyewe.

Mtu anapolala, misuli ya koo hulegea, njia ya hewa hubana, na pumzi inayopita kwa nguvu penye upenyo mdogo hutikisa kaakaa laini, kimeo na shina la ulimi. Mtikisiko huo ndio tunaouita kukoroma. Kwa hiyo dawa hufaa pale tu inapogusa mahali palipobana. Kwa wakoromaji wengi mahali hapo ni kooni, ilhali sehemu kubwa ya bidhaa za madukani hutibu pua.

Plasta ya pua, kwa mfano, huvuta kuta za pua kwa nje na kupanua matundu yake. Mwenye mafua au pua nyembamba anaweza kupata nafuu, lakini haifiki kooni. Dawa za koo zenye mafuta hudaiwa kulainisha kaakaa lisitetemeke, ingawa mate na kumeza huziondoa muda si mrefu. Mwaka 2004 matabibu wa Marekani walichapisha matokeo ya utafiti uliopima dawa ya koo ya namna hiyo, plasta ya pua na mto maalumu wa kulalia, na hawakuona nafuu ya maana katika chochote kati ya hivyo vitatu.

Dawa za kuzibua pua zenye oksimetazolini au zailometazolini zinahitaji tahadhari zaidi, kwa sababu ndizo zinazodanganya kwa urahisi. Usiku wa kwanza pua hufunguka, mtu hulala vizuri na kuamini kwamba amepona. Zikitumika zaidi ya siku 3 hadi 5, ngozi laini ya ndani ya pua huanza kuvimba kila dawa inapoisha nguvu, mgonjwa hunyunyizia tena, na pua huishia kuziba kuliko ilivyokuwa mwanzo. Mwenye shinikizo la juu la damu asizitumie kabla ya kuzungumza na mfamasia au daktari. Maji ya chumvi yaliyotengenezwa kwa ajili ya kusafishia pua hayana madhara haya.

Ninachokikataza bila kusita ni vidonge vya usingizi na vile vya mafua au mzio vinavyolewesha, pale vinapomezwa ili mkoromaji "atulie". Vidonge hivyo, kama ilivyo pombe, vinaweza kulegeza koo zaidi na kuuchelewesha ubongo kumwamsha mtu pumzi inapokata. Kufunga mdomo kwa plasta nako ni hatari kwa mwenye pua iliyoziba.

Kinachosaidia kwa kweli mara nyingi hakiuzwi: kulala ubavu, kupunguza uzito uliozidi, na kuacha pombe saa kadhaa kabla ya kulala. Kifaa cha meno kinachosogeza taya la chini mbele kina ushahidi mzuri, hasa kikitengenezwa na daktari wa meno kwa vipimo vya kinywa chako.

Hata hivyo, pumzi inayokatika kwa sekunde 10 au zaidi, mara 5 au zaidi kwa saa, si jambo la duka la dawa. Mgonjwa huamka na kichwa kizito, husinzia mchana, pengine akiwa kwenye usukani, na shinikizo lake la damu huweza kugoma kushuka. Huyu anahitaji kipimo cha usingizi na, mara nyingi, mashine inayosukuma hewa kupitia barakoa ili koo lisijifunge, tiba iliyoelezwa mwaka 1981 na Colin Sullivan na wenzake huko Sydney, Australia. Mume wa yule mama tulimwandikia kipimo siku hiyohiyo, na rekodi ya simu ndiyo iliyotuonyesha njia.

Kwa mtoto anayekoroma karibu kila usiku, msinunue chochote kabla hajaonwa na daktari. Mara nyingi chanzo ni nyama za puani au tonsili zilizovimba, na zote zina tiba hospitalini. Wapo wazazi wanaompeleka mtoto kukatwa kimeo mtaani. Huko hupata jeraha, damu nyingi na maambukizi yanayoweza kuua, huku nyama zilizoziba njia ya hewa zikibaki palepale nyuma ya pua, juu ya kimeo, mahali ambapo wembe ule haukufika.