Je, wajua kwa nini mzee mwenye sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyopita, huanza kusahau?

Kijiwe cha baba mkubwa kipo Magomeni, Dar es Salaam, chini ya mwembe, na bao lao limechongwa zamani kiasi kwamba mashimo yameng'aa kwa vidole. Bao la kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Wanaolijua watakwambia si mchezo wa kubahatisha: unashika kete mkononi, unapiga hesabu zitaishia wapi, unakumbuka mwenzio ameweka nini nyuma, ndipo unatembeza. Baba mkubwa alikuwa fundi. Halafu miezi michache baada ya kumzika mama mkubwa, akaanza kufungwa na watoto wa juzi. Siku moja nilimkuta amekwama katikati ya mchezo, komwe zimejaa kiganjani, hakumbuki ameanzia shimo gani. Wenzake walinyamaza. Mmoja akasema, "Mzee mwenzetu ameshaanza." Baba mkubwa akacheka, akazirudisha kete, akaondoka. Hatukumwona tena kijiweni kwa muda mrefu.

"Ameshaanza" maana yake uzee umeshamfika kichwani, basi. Hakuna aliyeuliza kama analala, kama anakula, wala tangu lini ameacha kunyoa ndevu.

Kusahau kwa namna hii kuna jina lake kwa madaktari: upungufu mdogo wa utambuzi. Mtu anarudia maswali, anapoteza funguo, jina la jirani linamponyoka, lakini bado anakwenda sokoni peke yake na chenji anaihesabu sawasawa. Vigezo vyake vilipata umaarufu mwaka 1999 kupitia kazi ya Ronald Petersen na wenzake wa Mayo Clinic, Marekani. Kati ya watu 100 wa aina hii wanaofika kliniki za kumbukumbu, kama 10 hadi 15 kila mwaka huingia kwenye dimenshia, yaani usahaulifu ule wa kushindwa kujihudumia. Wengine hubaki walipo miaka mingi. Na wapo wanaorudi kuwa wazima kabisa. Moja ya mambo yanayoamua nani aelekee wapi ni sonona.

Sonona ya mzee mara nyingi haiji na machozi, na hapo ndipo tunapopigwa chenga. Kijana atakwambia ana mawazo. Mzee atakwambia mgongo unauma, tumbo limejaa gesi, usingizi unakatika saa nane usiku na haurudi. Ukimuuliza sana atajibu, "Nimechoka tu, mwanangu."

Sasa huzuni inaingiaje kwenye kumbukumbu? Ndani ya ubongo, usawa wa masikio, kila upande kuna kiungo kidogo kilichojikunja. Mwaka 1587 mtaalamu wa Italia, Giulio Cesare Aranzi, alikiona kinafanana na yule samaki mdogo mwenye kichwa cha farasi, akakiita hipokampasi. Kazi yake ni kama ya karani wa masijala: jambo jipya likifika, yeye ndiye anayelisajili ili baadaye lipatikane. Tulilielewa hilo kwa njia ya kusikitisha. Mwaka 1953 Mmarekani aitwaye Henry Molaison alifanyiwa upasuaji wa kutibu kifafa, sehemu kubwa ya hipokampasi ikaondolewa pande zote mbili. Tangu hapo kila aliyekutana naye alikuwa mgeni, hata kama walizungumza dakika chache nyuma, lakini mambo mengi ya utotoni aliyakumbuka. Ndiyo sababu mzee wako anaweza kukusimulia sherehe za Uhuru wa 1961 hadi nani alivaa nini, kisha akauliza kama chai imeshanywewa. Majalada ya zamani yapo kabatini. Karani ndiye amechoka.

Anayemchosha, kwa sehemu, ni kotisoli. Hii ni homoni inayotoka kwenye tezi zilizokaa juu ya figo, na mbwa akikukimbiza uchochoroni utaishukuru. Shida ni ikikaa juu wiki hadi wiki, miezi hadi miezi, kama inavyotokea kwa wengi wenye sonona nzito. Hipokampasi imejaa vipokezi vya homoni hiyo, kwa hiyo yenyewe ndiyo inayoumia mapema. Tena ina kazi nyingine ya kuwa breki: ndiyo inayouambia mwili kwamba kotisoli sasa inatosha. Breki ikilika, kotisoli inazidi. Ikizidi, breki inalika tena. Mwaka 1996 Yvette Sheline na wenzake huko Marekani waliwapima wanawake waliowahi kuugua sonona, wakakuta hipokampasi zao ni ndogo kuliko za wenzao wa rika lile. Kadiri siku za sonona zilivyokuwa nyingi maishani, ndivyo ilivyokuwa ndogo zaidi.

Njia ya pili inapita kwenye mishipa ya damu, na kwa jiji lenye presha na sukari kama letu naona ndiyo ya kuiangalia kwanza. Chini ya tabaka la nje la ubongo kuna nyaya zinazounganisha sehemu moja na nyingine. Presha ikipanda miaka mingi bila dawa, vimishipa vidogo vinavyozilisha nyaya hizo hukakamaa, na kwenye picha ya MRI yanaonekana madoa meupe. Nyaya zinazokwenda sehemu ya mbele zikiharibika, mtu hasahau kwa maana ya kufuta. Anakuwa mzito. Kupanga kunamshinda, kuanza jambo kunamshinda, hamu inazimika. Mwaka 1997 George Alexopoulos na wenzake walipendekeza kwamba sonona nyingine ya uzeeni inazaliwa hapa hapa, kwenye mishipa. Nyumbani mzee huyu anaitwa mvivu au mkaidi. Na bao, ukilifikiria, ni mchezo wa sehemu hiyo hiyo ya mbele: kushika hesabu kichwani huku unapanga.

(Dawa za presha, kama tujuavyo, watu wengi huacha siku wanayojisikia vizuri. Wamejisikia vizuri kwa sababu ya dawa.)

Ya tatu ndiyo inayoniogopesha. Mara nyingine sonona ni moshi, na moto wenyewe uko chini. Ugonjwa wa Alzheimer, chanzo kikubwa cha dimenshia, huanza ubongoni miaka mingi kabla ya mtu kupotea njia ya nyumbani. Protini iitwayo tau hujikusanya mapema kwenye kidoa kidogo cha shina la ubongo kinachotengeneza noradrenalini, kemikali inayohusika na uchangamfu na hisia. Kwa hiyo mtu ambaye hajawahi kuugua sonona maishani, akaanza akiwa na miaka sabini, hapaswi kuambiwa ni msiba tu, utapita. Huenda kweli ni msiba. Huenda pia ubongo wenyewe unabisha hodi.

Kutenganisha hizi si rahisi, ingawa kuna dalili za kusaidia. Mwenye sonona mara nyingi analalamika mwenyewe kwamba kichwa hakifanyi kazi, na ukimuuliza leo siku gani anajibu haraka, "Sijui." Mwenye Alzheimer hukwepa: "Aah, kwa mstaafu siku zote si sawa tu?" Hapo wanaolalamika ni watoto wake. Mpe wa kwanza kidokezo, sema siku yenyewe watu wanakwenda Ijumaa, atakamata. Wa pili kidokezo nacho kinapita. Mwaka 1961 daktari Leslie Kiloh aliandika juu ya hali inayofanana na dimenshia kumbe siyo, na madaktari wakazoea kuiita dimenshia ya uongo. Jina hilo silipendi. Wengi waliopata nafuu ya namna hiyo walikuja kupata dimenshia ya kweli baadaye, kwa hiyo kupona sonona kusiwe mwisho wa kumfuatilia mzee.

Kabla ya yote hayo daktari mzuri atapima tezi ya shingo, atapima vitamini B12, hasa kama mzee ana kisukari na anameza metformin miaka mingi, maana dawa hiyo hupunguza B12. Atauliza kama masikio yanasikia vizuri. Ataomba mfuko wa dawa zote, pamoja na vile vidonge vya mafua vinavyoleta usingizi vilivyonunuliwa duka la jirani, kwa sababu vingine huvuruga kumbukumbu za wazee. Amitriptilini, dawa ya zamani ya sonona, nayo ina tabia hiyo. Kwa mzee anayesahau, daktari kwa kawaida hutafuta nyingine.

Je, hipokampasi iliyosinyaa hurudi? Kwa kiasi, ndiyo. Mwaka 2000 mtafiti Eleanor Maguire alionyesha kwamba madereva teksi wa London, wanaokariri maelfu ya mitaa, wana hipokampasi kubwa zaidi sehemu ya nyuma. (Sijui wangepima bodaboda wa Manzese wangekuta nini.) Mwaka 2011 Kirk Erickson na wenzake waliwagawa wazee 120: nusu wakatembea dakika 40, siku tatu kwa wiki, nusu wakanyoosha viungo tu. Baada ya mwaka, hipokampasi za waliotembea zilikua kama asilimia 2, za wengine zikapungua. Kamisheni ya jarida la kitabibu la Lancet mwaka 2024 iliorodhesha mambo 14 yanayoweza kurekebishwa, sonona, presha, kisukari, masikio kutosikia vizuri na upweke yakiwemo, ikakadiria kwamba yote kwa pamoja yanahusika na karibu asilimia 45 ya dimenshia duniani.

Baba mkubwa tulimbembeleza wiki tatu. "Mimi si kichaa," alisema, na binti yake akamjibu, "Baba, tunakwenda kupima presha tu." Presha ilikutwa 170 kwa 100. Maswali ya usingizi na hamu ya kula yakafuata pale pale, na alipoulizwa kuhusu mama mkubwa alinyamaza muda mrefu, akaomba maji.

Sasa ana vidonge viwili, mazungumzo na mshauri kila baada ya wiki mbili, na mjukuu anayemsindikiza msikitini kwa miguu. Juzi nilipita kijiweni. Nikamwamkia, "Shikamoo baba," akaitikia bila kuinua macho. Alikuwa ameshika komwe, midomo inahesabu kimyakimya. Tulicheza, akanifunga. Kisha akaniuliza nimekuja na nani, na baada ya kahawa akaniuliza tena.