Pima kila ndoo kabla ya kuwasha moto

Mtu aliyekulia pwani akionja utomvu wa mti wa mepo (maple), ule unaochemshwa kuwa shira, kwa mara ya kwanza, hucheka. Nami nilicheka. Nilizoea tembo tamu la mnazi, lenye sukari asilimia 15 hivi, nikadhani nitapewa kitu cha jamii hiyo. Hapa Vermont, Marekani, nikapewa kikombe cha kitu baridi, cheupe kama maji, utamu wake wa kuutafuta kwa ulimi. Asilimia 2. Ndiyo kawaida yake, ingawa mti mmoja huwa na 1 na jirani yake akawa na 3.

Mimi ni mkemia wa vyakula, na kila Machi nagema miti minne nyuma ya nyumba. Wenzangu wengi humimina ndoo zote kwenye karai moja, wakachochea kuni, wakaomba Mungu. Mimi hupima sukari kwanza, kila ndoo peke yake.

Sababu ni kuni. Shira iliyoiva ni Brix 66, yaani gramu 66 za sukari katika kila gramu 100, na lita yake ina uzito wa kilo 1.32 hivi. Kwa hiyo ndani ya lita moja ya shira mna karibu gramu 870 za sukari. Lita ya utomvu wa asilimia 2 ina gramu 20 tu. Gawanya: lita 43 kwa lita moja. Wagema wa huku wamelifupisha jambo hili kwa kanuni ya Jones, mkemia wa Chuo Kikuu cha Vermont: chukua 86, gawanya kwa asilimia ya sukari. (Sheria ya Vermont inataka shira ya Brix 66.9, ndiyo maana siku hizi wengine huanza na 87 au 88. Kwa karai la uani, 86 yatosha.)

Mwaka jana mti wangu wa kando ya barabara ulisoma 2.8, na ule uliobanwa na misonobari 1.6. Wa kwanza ulihitaji lita 31 kwa lita ya shira, wa pili 54. Hizo lita 23 za ziada zote ni mvuke, na kila mvuke una gogo lake.

Kisa chake kiko kwenye majani. Mti wa barabarani una nafasi, matawi yake yametanuka, na kiangazi kizima majani yake hula jua. Sukari inayotengenezwa hapo huwekwa akiba ndani ya mti ikiwa wanga. Baridi ikija, wanga hugeuka tena kuwa sukari. Usiku ukiganda na mchana ukayeyusha, utomvu hutiririka. Mti uliosongwa kivulini una akiba ya maskini.

Sasa niseme aibu yangu. Msimu wa kwanza nilitoka na refraktomita yangu (chombo kinachopima sukari kwa mwanga) ya bei rahisi, nikapima hapohapo kwenye theluji, nikapata 2.9 na kujigamba kwa jirani. Chombo kile kimerekebishwa kwa nyuzi 20 za Selsiasi, na hakina uwezo wa kujisahihisha. Utomvu wa nyuzi 2 hukifanya kisome zaidi kwa karibu Brix 0.6. Ukweli ulikuwa 2.3, na shira ikapungua nilipokuwa nimeshaahidi chupa. Tangu hapo naingiza kikombe jikoni, nangoja kipoteze ubaridi, nahakikisha maji safi yanasoma sifuri, ndipo napima.

Hata hivyo, usiuchukie mti wa 1.6. Siku moja ulinipa lita 10, gramu 160 za sukari. Ule wa 2.8 ukatoa lita 4, gramu 112. Nikikosa kuni, huanza na ndoo tamu, na ile hafifu naiacha nje usiku igande nusu. Barafu inayoelea ni maji karibu matupu, sukari hubaki chini kwenye kimiminika. Asubuhi naiondoa na kuitupa, na ndoo imepanda daraja bila kiberiti. Ikiganda hadi chini, usitupe kitu: sukari imenaswa humo humo.

Ndoo isikae muda mrefu, lakini. Vijidudu hula sukari, utomvu hupoteza uangavu, na shira hutoka nyeusi. Mwisho wa Machi vipimo vyangu hushuka vyenyewe, mti wa barabarani ukasoma 2, kisha 1.7. Machipukizi yakianza kuvimba, ladha huharibika hata kama Brix bado inaridhisha. Hapo nang'oa mirija, naosha ndoo, na tundu la keekee naliacha wazi, mti ulizibe wenyewe.