Mita 3 sakafuni: kwa nini tunakupima kila unapokuja fiziotherapia

Mgonjwa wa kiharusi akifika kitengoni kwetu hapa Tanga, kabla hatujamgusa mguu tunamkalisha kwenye kiti chenye mikono. Akiambiwa "haya", anainuka, anatembea mita 3 hadi kwenye mstari, anageuka, anarudi kukaa. Tunahesabu sekunde na kuziandika kwenye faili. Akija tena, ni vilevile. Bibi mmoja wa Pongwe aliwahi kuniuliza: "Mwanangu, mie nimekuja kukandwa mguu. Hizi hesabu za nini?"

Kipimo hiki kilichapishwa mwaka 1991, na leo kinatumika katika nchi nyingi. Kiti, chaki na saa ya simu vinatosha. Marekani, mzee anayetumia sekunde 12 au zaidi huhesabiwa kuwa yumo hatarini kuanguka. Kwa hiyo kwanza kabisa kinamfaa mgonjwa mwenyewe. Halafu ndipo utafiti unapoanzia.

Watu wa Tanga wakisikia utafiti hufikiria mbu na damu ya kidoleni. Hawakosei, maana Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa, NIMR, ina kituo hapa mjini, na kazi ya malaria na matende mkoani kwetu ni ya miaka mingi. Utafiti wa fiziotherapia unahitaji kwanza faili lililoandikwa kwa namna moja. Mimi nikiandika "anaendelea vizuri" na mwenzangu akaandika "nafuu ipo", mwaka ukiisha tuna rundo la makaratasi na hakuna cha kulinganisha.

Tunalinganisha kwa sababu mazoea hudanganya. Zamani mtu akiumwa mgongo aliambiwa alale kitandani siku nyingi, mpaka tafiti zilipoonyesha kwamba kuendelea na shughuli kadiri anavyoweza kunamsaidia zaidi. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu maumivu sugu ya sehemu ya chini ya mgongo: mazoezi na elimu kwa mgonjwa vimo, lakini kuvutwa uti wa mgongo na mashine ya mawimbi ya sauti havishauriwi kuwa tiba ya kawaida. Najua wako wanaohisi hawajatibiwa mpaka wawekewe mashine. Nasi tulifundishwa kuitumia, na kuiacha si rahisi.

Kinachonisumbua zaidi ni wagonjwa wasiorudi. Chukua mfano wa hesabu tu: wameanza 20, mwezi wa tatu wamebaki 8, na wote 8 wanatembea. Tukiandika kwamba tiba yetu imewafaa wote, tumejidanganya na tumewadanganya watakaosoma. Wale 12 wako wapi? Huenda wengine wamepona. Wengine nauli ya kutoka Pangani au Mkinga imewashinda, wengine hawana wa kuwashika mkono hadi stendi, wengine wamefariki. Faili la aliyeacha kuja lina thamani sawa na la aliyepona. Ndiyo maana tunapiga simu kuuliza. Usiogope kupokea, hatukupigii kukugombeza.

Kuna na jambo jingine: baada ya kiharusi, miezi ya mwanzo mwili wenyewe hurudisha nguvu kiasi. Ili tujue zoezi limeongeza nini, lazima pawe na makundi mawili, na kura iamue nani anaingia lipi, ili tusiwachague wenye nafuu tukawaweka upande tunaoupenda. Hapo ndipo kibali cha maadili ya utafiti kinapohitajika, pamoja na ridhaa yako baada ya kuelezwa kwa lugha unayoielewa. Unaweza kukataa, au kujitoa katikati, na matibabu yako yakaendelea kama kawaida.

Nilipokuwa mgeni kazini, katika kitengo kimoja, niliomba tuwahesabu wasiorudi. Nikajibiwa kwamba utafiti ni wa wanaosomea digrii. Nikaandika peke yangu kwenye daftari la shule kwa miezi michache, nikahamishwa, na hesabu ikafia hapo. Iliniuma, na bado naamini swali la utafiti linapaswa kuwa mali ya kitengo kizima, mkuu wa kitengo akiwa wa kwanza kulitengea muda. Foleni ikiwa imejaa barazani, nusu saa ya kusoma huonekana anasa. Sisi tumeiweka asubuhi moja kila wiki kabla ya kufungua mlango: swali moja lililotoka wodini, na makala moja kutoka PEDro, hazina ya tafiti za fiziotherapia iliyoanzishwa Australia mwaka 1999, ambayo kuitafuta ni bure. Daftari letu la kitengo linabaki kabatini hata mtu akihamishwa.

Yule bibi wa Pongwe nilimfungulia faili lake nikamsomea sekunde za siku ya kwanza, kisha za siku ile, ambazo zilikuwa zimepungua karibu nusu. Akaniomba nimwandikie kwenye kikaratasi, akamwonyeshe binti yake anayemlipia nauli.