Nyota wa filamu za Kihindi haimbi

Tangu enzi za majumba ya sinema ya Zanzibar na Mombasa, wengi wameamini kuwa nyota tunayemwona ndiye anayeimba. Mara nyingi sivyo. Mwimbaji hurekodi studio kwanza. Siku ya kupiga picha wimbo hufunguliwa kwa sauti, nyota akafuatisha kwa midomo tu. Mtindo huu ulianza kushika mwaka 1935 kule Calcutta, India, katika filamu ya mwongozaji Nitin Bose iliyotengenezwa kwa Kibengali na Kihindi.

Watengenezaji nao walichangia kutuchanganya. Mwaka 1949 santuri ya filamu ya Mahal ilimtaja mwimbaji kuwa "Kamini", yaani mhusika aliyechezwa na Madhubala! Sauti ilikuwa ya Lata Mangeshkar. Waliojiimbia wapo, kama Kishore Kumar, lakini hata yeye alimwimbia sana mwigizaji Rajesh Khanna.