Mrejesho Unaomfaa Mchezaji Baada ya Mechi

Kazi yangu ni kuchambua takwimu za michezo ya mtandaoni ya timu na kupanga kile ambacho mchezaji ataonyeshwa mechi inapomalizika. Hapa Unguja nawaona vijana wakilitazama jedwali la mwisho kwa sekunde chache, wakatafuta jina gani liko juu, kisha wakaingia mechi nyengine bila ya kujifunza chochote. Lawama si yao, kwa sababu jedwali limewapa idadi za kujisifia au kuonea haya, lakini halikuwapa jambo la kurekebisha.

Chukua mchezaji aliyemaliza mechi ya watu watano kwa watano akiwa ameua 11 na kufa 9. Nambari hizo hazimwambii afanye nini. Lakini tukivipanga vifo vyake juu ya ramani ya mchezo, tunaona kwamba sita kati ya tisa vimetokea katika uchochoro mmoja, na kila mara wenzake walikuwa mbali naye kiasi kwamba hakuna aliyeweza kumjibu adui aliyemuua. Hapo mrejesho unatosha sentensi moja: "Umekufa mara sita kwa kuingia uchochoroni peke yako; mara nyengine msubiri mwenzako mmoja akaribie." Ujumbe huu unataja kitendo na mahali, na mchezaji anaweza kuujaribu papo hapo. Mimi humwonyesha jambo moja tu kama hilo kwa kila mechi, kwani mwenye kupewa mambo manane hashiki hata moja.

Kipimo kinachoonyeshwa hubadilisha namna watu wanavyocheza, na hili waundaji wengi hulipuuza. Mchezo wa Overwatch, uliotoka mwaka 2016, uliwapa wachezaji medali za dhahabu, fedha na shaba kwa kuwalinganisha na watu wa timu yao wenyewe tu. Mtu aliweza kupata dhahabu ya kuua ndani ya timu iliyoshindwa vibaya, akaamini kwamba yeye katimiza wajibu na wenzake ndio waliomwangusha. Overwatch 2, mwaka 2022, iliziondoa medali hizo na kuweka jedwali la timu zote mbili. Hata hivyo, jedwali pekee bado halimtendei haki mwenye kutibu au kulinda wenzake, ambaye anastahili kulinganishwa na wengine wa nafasi yake.

Vipi kuhusu daraja, yaani nambari inayopima uwezo wa mchezaji? Mfumo wa kupanga madaraja wa Arpad Elo, uliopokelewa na shirikisho la sataranji duniani, FIDE, mwaka 1970, hukadiria kwamba anayemzidi mpinzani kwa pointi 200 atapata takriban asilimia 76 ya alama zinazogombaniwa. Hesabu hiyo ni nzuri kwa kupanga wapinzani wanaolingana, lakini haifundishi. Tena mchezaji wa kiwango cha nusu kwa nusu hushinda mechi 7 au zaidi kati ya 10 kwa bahati tu, karibu mara 17 katika kila majaribio 100. Basi kumpongeza kwa "kupanda kiwango" baada ya jioni moja ni kumdanganya.

Kwetu visiwani kuna la ziada, nalo ni umbali wa seva, yaani kompyuta inayoendesha mchezo. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo hukimbia takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Seva ikiwa umbali wa kilomita 7,000, ujumbe hauwezi kwenda na kurudi chini ya milisekunde 70, kabla ya kuhesabu ucheleweshaji mwengine wowote. Katika mchezo wa picha 60 kwa sekunde, hizo ni zaidi ya picha nne. Kwa hiyo kila kifo kirekodiwe pamoja na pingi ya wakati ule, yaani muda wa ujumbe kwenda kwenye seva na kurudi, na pale mchezaji alipokwisha kujificha kwenye skrini yake huku seva ikimwona bado yuko wazi, ujumbe useme wazi kwamba mtandao ulichelewa, na kifo hicho kisiingizwe katika ushauri anaopewa.