Wanaijua tashibiha, mbona insha zao hazina uhai?

Muulize mwanafunzi wa kidato cha tatu tashibiha, yaani kufananisha kwa "kama", ni nini, atakujibu bila kusita, na mfano juu. Mwambie aandike insha kuhusu asubuhi ya Julai hapa Mbeya, utasoma "baridi kama barafu" na "mlima mrefu kama twiga". Mtihani huuliza jina na mfano, naye amekariri jina na mfano.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Darasani kwangu insha ya kwanza huandikwa kavu, bila pambo. Nataka ukungu wa mlima Loleza, mama anayepanga viazi sokoni Mwanjelwa, bodaboda aliyejiziba uso kwa skafu. Binti mmoja aliandika, "Ukungu ulifunika mlima." Nikamuuliza: ulifanya nini hasa? Akatazama dirishani, akaandika, "Ukungu uliuficha mlima, ukatuachia miguu tu." Tashihisi hiyo, kukipa kitu matendo ya mtu, na hakuna aliyemtajia jina lake.

Takriri, urudiaji wa makusudi, ndiyo inayonichukulia muda mwingi, na ndiyo niipendayo. Mwanafunzi hurudia neno kwa kukosa jingine, halafu anajitetea kwamba ni takriri. Kipimo changu ni kuufuta urudiaji: sentensi isipopungukiwa kitu, haikuwa takriri. Katika insha ya hoja kuhusu kilimo cha viazi, kijana mmoja aliandika, "Mbolea tunanunua kwa bei yao. Viazi tunauza kwa bei yao." Futa hayo maneno ya pili, weka "kwa bei ndogo", na hasira yote inapotea. Kununua na kuuza vimekabiliana, hiyo ni tabaini. Lakini mpangaji wa bei hakubadilika, na ni takriri inayotuonyesha hivyo. Wenzake walitaka aongeze sentensi ya usafiri. Tukajaribu, tukaona inakaa katikati tu, kwa sababu viazi ndivyo jasho lake, lazima vije mwisho.

Maswali ya balagha, yale yasiyongoja jibu, nayapunguza bila huruma. "Je, nani asiyependa elimu?" Msomaji akimkumbuka mmoja tu, hoja imeanguka.

Sitiari naiacha hadi muhula wa pili. Tashibiha dhaifu bado ina "kama" ya kuikinga. Msomaji anaweza kuikubali nusu. Sitiari haina kinga hiyo. Ukisema barabara ya Kitonga, ile ya kona nyingi mlimani, ni nyoka, umesema ni nyoka, na aya nzima inayofuata italazimika kuishi na neno hilo.